Mzee Aliyezikwa na Njaa

Ninyi mnaokaa Kaloleni, Makongeni, Bahati na mitaa yote ya huku Eastlands, nawasikia. Mtu anaingia nyumbani jioni, anatupa begi kwenye kochi, anafunua sufuria na kusema, "Mlinizika na njaa." Mama anacheka, anapakua. Mjukuu wangu Shiru husema hivyo kila akitoka chuoni. Siku moja nikamuuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa nani alimfundisha kupiga chafya.

"Guka," akasema, maana ndivyo anavyoniita babu yake, "si watu husema tu?"

Watu hawasemi tu. Kila neno lina mtu aliyelitamka kwanza, na hili namjua aliyelitamka. Nilikuwa kwenye ghorofa ya juu yake siku hiyo, ndani ya chumba cha mashine za sinema, nikitoka jasho mpaka kwenye soksi. Kwa hivyo ketini niwaeleze kazi niliyoifanya, maana jengo lenyewe sasa ni vibanda vya nguo, na mimi nimebaki na kiti kimoja cha sinema kwenye veranda yangu. Ukikikalia vibaya kinakukunja katikati. Wageni wote wa nyumba hii wamekunjwa.

Sinema yetu iliitwa Tausi. Ninyi mnaenda kwenye jengo la maduka lenye kumbi nyingi, mnachagua filamu kama mtu anayechagua kati ya chipsi na pilau. Sisi skrini ilikuwa moja, na filamu ilikuwa moja. Usipoipenda ulikaa ukaitukana, na matusi yenyewe yalikuwa sehemu ya burudani. Kulikuwa na balkoni ya walioenda kazini na tai, viti vya katikati vya familia, na mbele kabisa benchi. Mbele ndiko kulikokuwa na maisha. Mtu wa benchi alimwonya shujaa adui akiwa nyuma ya mlango, na shujaa asiposikia, alilaumiwa mpaka kesho yake kwenye foleni ya maji.

Mimi, Njoro, sikuwa mtu wa kutulia. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu greda, lile tinga la kusawazisha barabara, lilipita nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda mbali. Baada ya hapo nimefanya kila kitu. Nimeshika mbuzi miguu kwenye machinjio ya Kiamaiko, nimegonga mabati ya majiko ya makaa, nimepaka rangi nyumba za watu ambao mpaka leo sijui majina yao. Kila kazi niliiacha siku nilipoielewa. Ikishaeleweka, mikono inaendelea lakini kichwa kinachungulia dirishani.

Tausi niliingia kama mtazamaji wa benchi. Watu wote walikuwa wanatazama mbele, mimi nikageuka nyuma. Kulikuwa na tundu dogo ukutani, juu kabisa, na kwenye tundu hilo mwanga ulitoka umejaa vumbi linalocheza. Nikafikiri, huko ndani kuna mtu. Filamu ilipokwisha nikapanda ngazi nikabisha mlango wa chuma. Akafungua mzee mfupi mwenye aproni ya ngozi, uso umeloa.

"Unataka nini?"

"Nataka kuona inatoka wapi."

"Nini?"

"Picha."

Akageukia meza yake. "Shika hii," akasema, akanipa rili, gurudumu la utepe wa filamu, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. "Ukiiangusha, usirudi kwenu, hama mji."

Huyo ndiye Mzee Mulwa, fundi umeme aliyestaafu kutoka reli. Niliiacha kazi yake mara kadhaa, nikaenda kuhangaika kwingine, na kila niliporudi alinipa rili bila salamu, kana kwamba nilikuwa nimetoka kwenda haja. Ile ndiyo kazi pekee ambayo sikuwahi kuielewa mpaka mwisho, ndiyo maana niliipenda.

Sikilizeni ilivyokuwa. Filamu haikuwa kitu kimoja. Iligawanywa katika rili tano au zaidi, kila rili na mkebe wake wa bati, mpana kama sinia ya chapati. Mashine zilikuwa mbili, zimesimama bega kwa bega kama ng'ombe wa jembe. Moja ikionyesha, nyingine unaivisha rili inayofuata. Rili inapokaribia kwisha, kwenye pembe ya juu kulia ya picha kinatokea kidoa cha duara. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Kikitokea kidoa kingine, unafungua huku na kufunga kule kwa mkupuo mmoja. Ukifanya vizuri hakuna anayejua kwamba umefanya. Ukikosea, ukumbi mzima unageuka na kukutajia mama yako.

Mpaka leo nikitazama filamu ya zamani kwenye runinga, macho yangu hukaa kwenye pembe ile. Marehemu mke wangu aliwahi kuniuliza kama natafuta buibui.

Mwanga haukutoka kwenye balbu. Ulitoka kwenye vijiti viwili vya makaa maalum vilivyokaribiana bila kugusana, umeme ukiruka katikati. Vijiti vinaliwa polepole, kwa hivyo lazima uvisogeze kidogo kidogo huku ukichungulia kupitia kioo cheusi. Ukisahau, picha inageuka manjano, kisha hudhurungi, kisha watu wa benchi wanaanza kupiga miluzi. Mzee Mulwa alikuwa anavisogeza huku anakula, huku anasimulia habari za reli, bila kutazama. Alisema anasikia mlio wake. Nilidhani ananidanganya mpaka siku nilipousikia mwenyewe, mlio kama mafuta ya mandazi yanapokaribia kuchemka.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mwanzo wa kila rili kuna kipande cha utepe kisicho na picha, kimeandikwa namba ya rili. Namba hiyo hiyo imeandikwa pia juu ya kifuniko cha mkebe. Mzee Mulwa alinikataza kabisa kuamini kifuniko.

"Kifuniko ni kofia," aliniambia. "Kofia unaweza kumvika mtu yeyote. Wewe angalia uso."

Nayashika maneno hayo kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyeyasahau, siku moja tu, na Eastlands yote ikapata faida.

Lazima kwanza niwatambulishe watu wawili. Wa kwanza ni Shikuku. Filamu ilipokuwa mpya, nakala ilikuwa moja kwa sinema mbili, sisi na sinema nyingine kule mjini. Wao walianza mapema, sisi tukafuata. Rili zikimalizika kwao, Shikuku alizifunga kwenye kibebeo cha baiskeli na kuzileta kwetu mbio, mbili mbili. Alikuwa na mapaja kama nguzo za stima. Hata hivyo kuna siku barabara ilikuwa mbaya, rili zikachelewa, nasi tukawasha taa na kutangaza mapumziko. Watu hawakuyaita mapumziko. Waliyaita Shikuku. "Tutaongea wakati wa Shikuku," walisema. Akina mama waliouza njugu mlangoni walimpa njugu za bure ili asiwe anaharakisha sana.

Wa pili ni Atieno. Huyu alikata tiketi kwenye mlango wa benchi, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Filamu za ngumi zilikuja zikiongea Kichina, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, kila mmoja kwa mwendo wake, na ukumbi ukawa kama darasa la kwanza. Ikawa vita. Meneja akachoka, akachukua ile maiki iliyotumika kutangaza mtoto aliyepotea, akampa Atieno. "Soma wewe, kila mtu mwingine anyamaze."

Atieno alikuwa na uwezo wa kusoma nusu ya sentensi kabla haijaondoka. Nusu iliyobaki aliitunga. Adui mkuu alimpa sauti ya kabaila anayedai kodi ya nyumba. Shujaa aliongea Sheng ya Shauri Moyo. Bibi wa shujaa, hata awe amefungwa kamba juu ya mlima, alipata nafasi ya kuuliza bei ya sukuma wiki. Baada ya wiki chache watu walikuja kumsikiliza Atieno, na filamu wakaipata kama nyongeza.

Sasa ikaja filamu ambayo watu waliiita Mpishi. Ina rili tano. Mzee mpishi, mwenye ndevu nyeupe, anamlea kijana na kumfundisha kupika na kupigana kwa mwiko. Hizo ni rili mbili za kwanza. Rili ya tatu ni karamu. Mzee anarudi nyumbani kutoka safari, meza imejaa, anakula, anacheka, anacheza ngoma na kijana wake. Rili ya nne adui anamwekea mzee sumu, mzee anakufa, anazikwa, kijana analia kaburini na kuapa. Rili ya tano kijana anamtafuta adui na kumpiga mpaka kofia inamtoka. Ndivyo Wachina walivyoipanga, na ndivyo ulimwengu mzima unavyoijua.

Ulimwengu mzima isipokuwa ninyi.

Siku ya kwanza ya Mpishi, Jumamosi mchana, ukumbi ulijaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Rili mbili zikaenda vizuri. Huko njiani, karibu na Muthurwa, Shikuku alikutana na kundi la mbuzi waliokuwa wakipelekwa Kiamaiko. Mbuzi mmoja akaingia kwenye gurudumu la mbele. Baiskeli ikaenda huku, mikebe ikaenda kule, vifuniko vikabingirika kama sahani. Akina mama wauza mboga wakamkimbilia, wakaokota rili, wakaifutia moja vumbi kwa leso, wakafunika mikebe na kumsukuma aendelee. Walimsaidia kwa moyo safi. Ila kila kifuniko walikiweka kwenye mkebe usio wake.

Kwetu Shikuku ilikuwa imekuwa ndefu. Benchi walikuwa wanapiga miguu chini kwa pamoja, na vumbi la dari linatuangukia. Shikuku akafika na damu gotini. Mzee Mulwa akanyakua mkebe ulioandikwa tatu, akakitazama kifuniko, akavisha rili ile mbio. Mimi nilikuwa kwenye makaa. Taa zikazimwa.

Na mzee mpishi akanywa sumu akafa.

Ukumbi ukashtuka, lakini vifo hutokea. Wakamzika. Atieno akamlilia vizuri sana, kwa mtindo wa kwao wa kuanzia juu na kushuka, mpaka mama mmoja wa viti vya katikati akatoka nje kupumua. Kijana akaapa. Kidoa kikatokea pembeni, Mzee Mulwa akabadilisha mashine, na kwenye skrini mlango ukafunguka, akaingia mzee mpishi, mzima, ndevu zimechanwa, akaketi mezani akavuta bakuli.

Sijawahi kusikia watu wengi vile wakinyamaza vile. Juu huku Mzee Mulwa alichungulia tundu, kisha akainama kwenye mkebe, akainua kile kifuniko, akakivaa kichwani kama kofia, akaketi sakafuni.

"Tuzime?" nikamuuliza.

"Ukizima watatuchoma pamoja na mashine," akasema.

Chini, mtu wa benchi akasimama. "Atieno, huyu si tumemzika sasa hivi?"

Hapo, vijana wangu, ndipo neno lenyewe lilipozaliwa. Atieno angeweza kusema kuna kosa. Angeweza kuweka maiki chini. Lakini mzee kwenye skrini alikuwa ameshika bakuli kwa mikono miwili, anakula kama mtu ambaye hajala tangu mwaka jana, kisha akainua uso na kuongea na watu wa mezani. Atieno akavuta pumzi na kumpa sauti, nzito, ya mzee aliyeudhika:

"Mlinizika na njaa."

Jengo lilitikisika. Nasema nililiona likitikisika, makaa yalicheza kwenye mashine. Atieno hakuwapa nafasi. Mzee akaendelea kulalamika kupitia mdomo wake. Kwamba alilala tu kidogo baada ya chai, akasikia mchanga. Kwamba alihesabu waliolia na waliokuwa wanaangalia saa. Kwamba jirani fulani alikuwa ameshaanza kupima kitanda chake. Mzee akasimama kucheza ngoma, na benchi wote wakasimama kucheza naye. Kisha rili ya tano ikaingia, kijana akaenda kumpiga adui, na sasa hakumpiga kwa huzuni. Alimpiga kama mtu ambaye baba yake yuko nyumbani anakula.

Watu walitoka mchana ule wakiwa wamekumbatiana.

Jumapili Mzee Mulwa alipanga rili sawasawa, kwa kuangalia uso. Karamu ikaja, watu wakacheka. Mzee akafa, akazikwa, wakangoja. Rili ya tano ikaanza na mzee hayupo. Kelele iliyotokea hapo sitaisahau. "Mzee yuko wapi? Rudisheni mzee wetu!" Filamu ikaisha, hakuna aliyeondoka. Meneja akapanda ngazi zote akihema.

"Mulwa, nani ameiharibu hii filamu?"

"Leo tumeitengeneza," Mzee Mulwa akasema. "Jana ndiyo iliyoharibika."

"Basi iharibu tena."

Na iliharibiwa hivyo hivyo muda wote ilipokuwa kwetu, na kila iliporudi. Watu walitoka Jericho na Kariobangi kuja kuona Mpishi ya Tausi. Yule wa mjini aliyeiona Mpishi ya mjini alionewa huruma.

Mambo mengine mnayajua. Video zikaja, kisha vibanda vya video, kisha runinga kwenye kila sebule, kisha hiyo simu mnayoitazama mkiwa chooni. Mzee Mulwa akafariki, akazikwa kwao Machakos, na ndiyo, tulihakikisha amekula. Tausi ikawa ukumbi wa harusi, ikawa kanisa Jumapili, ikawa ghala. Mimi nikazunguka tena na kazi zangu za hapa na pale.

Mwaka huu nikaitwa na kijana anayeitwa Brayo, aliyepewa usimamizi wa jengo na waliolinunua. Alitaka mtu wa kufungua mashine ziuzwe kama chuma chakavu, maana viti vingeng'olewa na vibanda kujengwa. Nikaenda. Chini ya jukwaa, nyuma ya viti vya harusi vilivyovunjika, nikakuta mikebe mitano. Msambazaji wa filamu aliyetakiwa kuichukua hakuwahi kuja. Nikafungua mmoja. Ulinuka siki, filamu inapozeeka hunuka siki, lakini utepe ulikuwa bado unakunjika bila kukatika. Nikauinua kwenye mwanga wa mlango, nikaona ndevu nyeupe.

"Brayo," nikasema, "mashine sifungui leo. Nipe Jumamosi moja."

"Ya nini, mzee?"

"Kuna mtu alizikwa hapa ambaye lazima ale kabla hamjafunga."

Alidhani nimechanganyikiwa, lakini ni kijana mwenye moyo. Akakubali, Jumamosi mchana, mara moja, viti ving'olewe Jumatatu.

Mashine moja ilikuwa imekufa kabisa. Nyingine niliifufua kwa vipuri vya mwenzake. Vijiti vya makaa vipya havikuwepo, nikakusanya vipande vilivyobaki kwenye droo ya Mzee Mulwa, nikaviunga kwa mirija ya shaba, jinsi alivyonifundisha. Sauti ndiyo ilinishinda. Spika zilikuwa zimeibiwa zamani, na ile balbu ndogo inayosoma sauti kwenye utepe haipatikani tena. Picha ningeweza kuwapa. Lakini bila Atieno ingekuwa watu wanafungua midomo tu kama samaki, na ninyi vijana mngeondoka baada ya dakika tano mkasema guka alitudanganya.

Atieno bado anakaa Kaloleni, nyumba ile ile, karibu na ukumbi wa jamii. Nikamkuta anachambua kunde.

"Nimesikia," akasema kabla sijaketi. "Na siji."

"Atieno, ni mara moja tu."

"Njoro, nimeshazika mume, nimeshazika dada zangu, nimezika Mulwa. Sasa mnataka niende matanga ya jengo? Nisimame na maiki nililie matofali?"

"Si matanga."

"Mnang'oa viti Jumatatu. Ni matanga." Akaendelea kuchambua. "Na sauti yenyewe imeisha. Nikiita wajukuu siku hizi wanadhani ni redio ya jirani."

Nikamwambia kitu kilichokuja chenyewe. "Ni wewe uliyetufundisha kwamba matanga yanatangulia, karamu inafuata. Mtaa mzima uliujenga hivyo. Sasa wewe ndiye unataka kuturudisha kwa mpangilio wa mjini?"

Mikono yake ikasimama kwenye kunde. Nikadhani nimemshinda. "Toka hapa," akasema, "nina mboga jikoni."

Kwa hivyo Jumamosi niliingia Tausi bila kujua kama Atieno atakuja. Walikuja, mjue. Walikuja wazee na mikongojo, waliohamia Kitengela na Ruiru, wamevaa kana kwamba ni Pasaka. Shikuku alikuja kwa baiskeli. Sasa ana duka dogo Muthurwa na goti lake halikunji vizuri, lakini alikataa katakata mikebe ibebwe kwa mkono. Ilikuwa chini ya jukwaa, humo humo ndani, mwendo wa dakika moja tu mpaka kwenye chumba cha mashine. Akaifunga kwenye kibebeo, akazunguka jengo lote akipiga kengele, watu wamejipanga njiani wanampigia makofi. Mtu akalia kama mbuzi. Shikuku akamtukana kwa furaha.

Brayo alikuwa nami juu akinisaidia. Akavuta mwanzo wa rili iliyokuwa kwenye mkebe wa tatu, akasoma namba. "Guka, hii umekosea. Kifuniko kinasema tatu, lakini ndani imeandikwa nne."

Nikavichukua vile vifuniko viwili. Vilikuwa bado vimebadilishana. Mzee Mulwa, mwenye sheria yake, hakuwahi kuvirudisha mahali pake.

"Leo tunaangalia kofia," nikamwambia.

Nikawasha. Picha ikaruka, ikatetemeka, ikatulia. Watu wakashangilia, kisha wakanyamaza, na hapo nikaanza kuogopa. Midomo ilifunguka na kufunga, ukumbi ukasikia mlio wa mashine tu. Maiki ya kuazima, na spika yake ndogo, ilikuwa juu ya kiti kitupu chini ya skrini. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja, kila rili ikiisha niliwasha taa, na baada ya rili ya kwanza niliona vijana mstari wa nyuma wanatazama simu. Baada ya ya pili wawili walitoka. Shiru akanigeukia kule chini, akanipungia mkono wa kunitia moyo, ule ambao watu huwapungia wagonjwa.

Taa zikiwa bado zinawaka nikamwona. Aliingia kwa mlango wa benchi, mlango wake, na mkoba kwapani. Hakwenda kwenye maiki. Aliketi mwisho wa benchi na kukunja mikono kama mtu aliyetoka tu kununua chumvi.

Nikatia rili ya mazishi. Mzee akanywa sumu. Mzee akazikwa. Hakuna aliyelia, hakuna aliyesema. Atieno hakusogea. Rili ikaisha, nikavisha ya karamu, nikasogeza makaa, nikazima taa.

Mlango ukafunguka kwenye skrini. Mzee mpishi akaingia, akaketi, akavuta bakuli. Akala. Akainua uso, akafungua mdomo.

Na ukumbi ukamsemea. Wazee wa benchi walianza, na familia za katikati wakadakia, kwa sauti moja nzito iliyoudhika:

"Mlinizika na njaa."

Kupitia tundu langu niliona kichwa baada ya kichwa cha kijana kikigeuka. Wale wa mstari wa nyuma walishusha simu. Waligeuka kutazama mama zao, baba zao, guka na shosho zao, kama watu waliosikia jina lao likiitwa mahali ambapo hawakutegemea. Shiru alikuwa amesimama kabisa, mkono mdomoni.

Atieno akainuka. "Mnamsemea vibaya," akasema, na wote wakamsikia bila maiki. "Huyu ni mzee mwenye heshima zake. Nipeni hicho kitu."

Sitawaeleza aliyoyasema baada ya hapo, kwa sababu mimi mwenyewe nilicheka nikapoteza makaa mara mbili, na benchi wakapiga miluzi kama zamani. Najua tu kwamba jirani wa kupima kitanda alirudi, na safari hii alikuwa anapima nafasi ya kibanda cha nguo. Brayo alicheka zaidi ya wote. Adui alipopigwa mwisho, kofia ikamtoka, na vijana wa nyuma ndio waliosimama kwanza.

Nje, akina mama wa mtaa walikuwa wameweka sufuria tatu juu ya mawe bila kuniambia. Atieno akatoka mlangoni, bado kwa sauti ya mzee, akauliza kama na leo pia anatarajiwa kulala hivi hivi. Tukala mpaka jua likashuka nyuma ya matangi ya maji.

Jumatatu walikuja na nyundo. Nilikuwepo, nikabeba kiti changu.

Jioni hiyo Shiru alirudi kutoka chuoni, akatupa begi kwenye kochi, akaenda jikoni. Nikasikia kifuniko cha sufuria kikiinuliwa. Akachungulia sebuleni, akaniona nimekaa. Akashika tumbo kwa mikono miwili, akavuta ndevu ambazo hana, akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeamshwa na mchanga, na kuyasema yale maneno. Safari hii alijua ni ya nani.

Nikainuka nikampakulia.